Kufuli la Folda ya Muda

Asubuhi ile foleni ya mapokezi ya hospitali ilikuwa ndefu kiasi kwamba, na siongezi chumvi, mtu wa mwisho alipona kikohozi akiwa bado amesimama. Fundi wa seva alikuwa akipenya katikati yao, jasho likimtoka. Pu! Akagongana na dada mwenye gauni la kijani na miwani kichwani. Mafaili yakamwagika.

"Samahani, dada. Sasisho langu limekwama! Kuna mtu kazuia programu zote zisifanye kazi kwenye folda ya muda, ile ya mafaili ya kupita tu, na sasisho linajifungulia humo humo."

"Mtu huyo ni mimi. Wezi wa mtandaoni nao hujificha humo humo. Ukitaka nikufungulie, piga simu. Na uombe vizuri."

Ndivyo alivyokutana na mkuu wa usalama wa kompyuta, ambaye jengo zima lilimwita Mama Kufuli. Kila mwezi sasisho jipya lilipokuja, fundi akapiga simu.

"Nifungulie, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Rudia kwa adabu."

"Nifungulie, malkia wa makufuli."

"Haya. Dakika ishirini tu."

Sasisho lilichukua dakika nne. Kumi na sita zilikuwa zao.

Mwezi wa nane akapiga Mama Kufuli mwenyewe, sauti baridi kama chumba cha seva. "Nimesoma kumbukumbu za mfumo. Tangu mwezi wa pili unapitishia sasisho kwenye folda nyingine. Hukunihitaji! Nimekuwa nikiacha mlango wazi, siri za wagonjwa ziko ndani, kumbe unanichezea?"

"Nilitaka tu kusikia sauti yako…"

"Ungesema hivyo!" Akakata.

Wiki mbili hakupokea simu. Kisha ikaja barua pepe kavu, imeambatanishwa programu ndogo: "Programu hii inafungua na kufunga folda yenyewe. Usinipigie tena."

Fundi akakubali kwamba yameisha. Ila kwa mazoea ya kazi, akaisoma programu mstari kwa mstari kabla ya kuiwasha. Juu kabisa palikuwa na tarehe. Akapangusa kioo cha kompyuta, akasoma tena. Akapiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Nini tena?"

"Hii programu umeiandika miezi mitano iliyopita."

"Kumbe umesoma hadi tarehe?"

"Miezi mitano umeikalia, Mama Kufuli, ukaniacha niombe!"

"Si ulikuwa unaomba vizuri." Kicheko kikamponyoka.

"Nisamehe. Nimekufanya uache mlango wazi bure."

"Tumekosea wote. Kuanzia leo folda inabaki imefungwa."

"Na nije kwenu lini, nizungumze na wazee?"

"Jumamosi. Uje na shangazi yako, na shati lililopigwa pasi." Kisha akaongeza: "Lakini piga simu kwanza."