Porojo za Wanakijiji

Basi la Handeni lilikuwa limeharibika, na stendi ya Korogwe imefurika watu. Rehani, mhadhiri wa sosholojia kutoka Dar es Salaam, akabanana kwenye benchi la mama muuza chai na binti mmoja mwenye gauni la kitenge cha manjano, amekumbatia bahasha.

"Umeishika kama mtoto, dada," alimtania.

"Mtoto kweli. Ila huko kwenu mjini wamemkataa."

Aliitwa Mwantumu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa. Yeye na wanakijiji kumi na saba walipita nyumba kwa nyumba, wakiwauliza waliohamishiwa pale wanaishije. Wakaandika makala, wakaipeleka kwenye jarida la kitaaluma. Ilirudi na mstari mmoja wa mkono: "Hizi ni porojo za wanakijiji, si utafiti."

Rehani ndiye aliyepewa na jarida makala ile aipitie. Mstari ule aliuandika yeye, baada ya kusoma kurasa tatu tu.

Siku ile walipeana anwani na namba ya simu, na mapenzi yakaota. Rehani akaificha siri yake miezi minne, huku kila Jumamosi Mwantumu akimpigia simu kutoka posta ya Handeni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe hupo?"

"Muongo wee!"

Ndipo Rehani akamwandikia barua ya mapenzi. Jumamosi iliyofuata sauti ya Mwantumu ilikuwa baridi.

"Nimelinganisha miandiko. Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Kutukataa ni kazi yako. Lakini kunipenda huku unanificha!" Simu ikakatwa.

Rehani aliitafuta nakala iliyobaki jaridani, akaisoma yote. Kila jibu lilikuwa na aliyelisema na aliyelipinga; wasipokuwa na hakika, walikiri. Uso ulimwaka. Akamwandikia mhariri: "Nilihukumu bila kusoma. Ichapishwe, na majina yote kumi na nane." Kisha akabeba begi, akapanda basi la Handeni.

Mwantumu alimkuta amesimama mlangoni kwao.

"Nimekosa. Makala itachapishwa. Na nataka kukuoa, ukinikubali."

Mwantumu akajibu, "Nakupenda, sifichi. Lakini baba yumo ndani, naye ni mmoja wa wapiga porojo wako. Kamwambie yote."

Rehani akaingia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaeleza, macho chini, bila kuruka neno. Mzee Mhina alisikiliza hadi mwisho, akageukia uani.

"Mama Mwantumu, njoo! Haya, kijana, anza tena. Mwenzangu naye alikuwa miongoni mwetu tulioandika."

Rehani akaanza tena, masikio yakimuungua. Mwantumu akachukua begi la Rehani lililobaki mlangoni, akaliingiza ndani.