Alama ya Mbithi

Karatasi za kwanza zilitoka kwenye mashine zikinuka asali. Mumbua alidhani ni chai ya mtu wa duka la jirani. Akanusa tena. Asali, na moshi.

Ilikuwa mwaka 2002, katika chumba cha uchapishaji alikoajiriwa mjini Machakos. Mzee Titus Kitonga wa Mitaboni alikuwa anafungua makumbusho madogo ya sanaa nyumbani kwake, michoro na vinyago, akataka nembo ya kuweka kwenye kibao, barua na tiketi. Mumbua alichora ndege, akachora kibuyu, mzee akakataa vyote. Ndipo alipoona, stoo kwa mzee, mzinga mkuukuu wa nyuki uliokatwa kwa kisu mistari mitatu na nusu duara. Alama nzuri mno!

"Ni ya nani hii?"

"Ya mzee fulani alikufa zamani," Kitonga alisema. "Chukua tu, hakuna mtu atakuuliza."

Akaichukua. Rangi ya kujaribia iliyobaki akachapa nayo fulana ya mwanawe Levi, wa miezi saba, kifuani pale.

Levi alipovaa fulana ile alikataa titi. Kesho yake pia. Mumbua alipomweka begani alisikia mvumo, mdogo, akazima redio, akafunga dirisha, mvumo ukabaki, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto na hapo akajua unatoka wapi, akaivua fulana, na alama ilikuwa pale pale kwenye ngozi, nyekundu, imevimba, mistari mitatu na nusu duara.

Mama yake, Nzilani, alifika kutoka Kalama saa nne asubuhi. Alimtazama mjukuu akakaa chini bila kuvua leso.

"Nani aliweka mtoto alama ya Mbithi?"

"Mwaitu, mama yangu, ni mimi. Ni nembo tu."

"Nembo! Wewe na shule yako! Mtu alikata alama kwa mzinga ili kila mtu ajue ni wake. Sasa umemwambia Mbithi mtoto ni wake." Akashusha sauti. "Na hakukufa vizuri. Baba ya Kitonga alimwibia mizinga, na Mbithi alipoifuata yeye na watu wake wakampiga mpaka akafa. Imu yake, roho ya huyo mfu, haijalala tangu siku hiyo."

"Nifanye nini?"

"Wewe ulimpatia, wewe umnyime. Simama mbele ya mzinga useme mtoto si wake. Halafu umtajie mwizi. Hiyo imu haitoki mikono mitupu."

Siku ya ufunguzi Mumbua alimvuta Kitonga kando.

"Mzee, rudisha mzinga kwa watu wa Mbithi. Sema tu baba yako alikosea."

Kitonga akacheka. "Mama Levi, uko na fomu four na bado unaogopa mzinga? Wageni wananingoja."

Basi Mumbua akaingia chumba cha maonyesho, Levi amelegea kama kitambaa, akapita wageni na soda zao, akasimama mbele ya mzinga, uliokwisha kutolewa stoo, na kunong'ona mtoto si wako Mbithi, nilikosea, sikujua, aliyekuibia ni baba ya Kitonga na nyumba yake ndiyo hii na damu yake imejaa humu, chukua kwake, chukua kwake, mpaka harufu ya moshi ikamkaba, na mvumo ukatoka kwenye kifua cha Levi, ukampita shingoni kama pumzi ya mtu, ukaenda.

Levi akalia kwa njaa.

Alikuwa getini, mtoto akivuta titi kwa nguvu, Carol, binti wa Kitonga, alipomkimbilia miguu mitupu na kichanga mkononi.

"Mama Levi, amekataa kunyonya! Kifua kinalia! Wako alipona aje? Ulisema nini? Niambie, mimi pia ni mama!"

Mumbua alimwangalia yule mtoto. Imu ikifukuzwa pale itatafuta mwingine, na pale getini watoto walikuwa wawili tu.

"Sikusema kitu," akajibu, akamfunika Levi leso, akaenda zake.