Kiraka Gotini

Maiti ile ilikuwa na joto. Mke wa mchimbaji Kasuku alilihisi alipogusa goti chini ya turubai, akajiambia ni moto wa mgodi, haujapoa. Bandani, walikolazwa waliokufa mgodini, nyuso zote zilikuwa zimeungua, ndugu wakawa wanatambua watu wao kwa nguo, naye alikiona kiraka alichokishona kwa mkono wake.

"Mwanangu, tazama mguu kwanza," mama mkwe alinong'ona. "Kasuku wangu hana kidole gumba cha mguu. Na hawa wakibadili nguo kabla ya zamu, kila mtu huvuta suruali iliyo karibu."

"Nimechoka kungoja, mama. Ni wangu." Akainama. "Kasuku! Twende nyumbani."

Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia mwenye uchungu?

Nyumbani walimlaza mezani. Mdogo wake Kasuku alipomimina maji ya kumwosha, chumba kilijaa harufu ya nywele zilizoungua, na mkono mweusi ukainuka, ukamkaba koo, ukamgongesha kichwa ukutani tena na tena hadi fuvu likapasuka na damu ikawarukia wanawake wote wawili.

"Vidole vyote vipo!" mama mkwe alilia, akiikodolea macho ile miguu. "Ni jini! Limevaa jina la Kasuku uliloliita bandani! Likatae!"

"Utanikataa mimi, kibonge wangu?" likauliza, kwa sauti ileile ya Kasuku, kwa jina la chumbani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na mke akasita, akampenda, akatamani iwe kweli, na katika kule kusita jini likamdaka mama mkwe, likaanza kumvunja mbavu moja baada ya nyingine, huku likimtazama yeye na kutabasamu.

"Kasuku, sikujui!" akapiga ukelele. "Si mume wangu! Ufe, urudi ulikotoka!"

Mwili ukaporomoka, ukawa majivu mezani. Mama mkwe akaanguka akikohoa damu, lakini hai. Mke akamkumbatia, akalia kwa shukrani.

Mlango ukasukumwa. Ni mchimbaji mwenzake Kasuku, machozi yakichora mistari kwenye masizi ya uso wake.

"Shemeji, tumemtoa Kasuku sasa hivi, mzima! Yuko kwenye machela anatutania, anadai chai. Mara akanishika mkono. Akaniuliza, 'Mke wangu kanikataa kwa nini?' Akafa mikononi mwangu."