Mwenye Duka Aenda Mafunzoni

Watu wa mtaa walimwita Dereva, ingawa alikuwa ameacha kuendesha malori tangu mgongo uanze kumsumbua. Sasa yeye na mkewe walikuwa na duka la aiskrimu. Duka lilikuwa lao, lakini jina lililoandikwa juu ya mlango lilikuwa la kampuni. Kampuni hiyo ilikuwa na maduka mengi, na kila duka lilikuwa na mwenyewe. Wenye maduka walitoa mtaji na jasho. Kampuni iliwapa jina, mapishi na utaratibu wa kazi.

Kabla duka halijafunguliwa, mke wa Dereva alikwenda kusomea usimamizi. Mkataba ulitaka hivyo. Dereva alibaki akipaka kuta rangi. Tangu siku hiyo, mke ndiye aliyesimamia kila kitu. Dereva alibeba makreti na kutaniana na watoto wa wateja.

Kisha mke akafanyiwa upasuaji wa tumbo.

"Kidonda cha nje kimefunga," daktari alimwambia, "lakini cha ndani bado. Lala, na usibebe kitu. Ukiharakisha, utarudi hapa."

Basi mke akalala nyumbani, jirani kabisa na duka. Dereva akaliendesha duka kwa simu.

"Mama watoto, friza inanguruma."

"Inanguruma vipi?"

"Kama lori linalopanda mlima."

"Isogezee simu nisikie." Mke alisikiliza akiwa amefumba macho. "Ivute kidogo kutoka ukutani. Inakosa hewa."

"Imenyamaza! Mke wangu, wewe ni fundi!"

"Mimi ni mgonjwa, baba watoto. Naomba nilale."

"Lala, lala. Ila kabla hujalala, maziwa yanawekwa rafu ya juu au ya chini?"

Dada aliyeuza kwenye kaunta alikuwa akisikia yote hayo.

"Mzee," alisema siku moja, "si tuwaambie kampuni kwamba mama anaumwa?"

"Ili iweje? Waje watufungie duka? Mwenye duka yupo. Nimesimama hapa, hunioni?"

"Nakuona, mzee."

"Haya, panga vikombe."

Asubuhi moja umeme ulikatika. Dereva alimpigia mkewe, lakini simu iliita bila kupokewa. Mke alikuwa amemeza dawa na usingizi ulikuwa mzito. Dereva akawa na wasiwasi. Kila mara alifunua friza atazame aiskrimu inaendeleaje. Hakujua kwamba kila alipoifunua, alikuwa akiitoa baridi nje. Umeme uliporudi, aiskrimu ilikuwa laini kama sabuni ya maji.

"Hakuna neno," alisema. Alianza kufuta ndoo za aiskrimu na kuzipanga upya ndani ya friza. "Itaganda tena. Baridi ni baridi."

"Usirudishe!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama pale, amevaa ndala na khanga ya kulalia. Mkono mmoja ulishika mlango, na mwingine ulishika tumbo. Aliamka taa zilipowaka tena, akaelewa kwamba umeme ulikuwa umekatika. Alipiga simu, lakini mumewe alikuwa amejaza mikono ndoo. Ndipo akaja kwa miguu.

"Mama watoto! Nani kakuambia uinuke?"

Mke aliegemea mlango. Jasho lilimtoka usoni. Dereva aliacha ndoo na kumkimbilia. Mtu mwingine alimwahi: mwanamke mmoja aliyekuwa akiingia nyuma yake. Alikuwa mshauri wa kampuni, aliyezoea kuyatembelea maduka bila kubisha hodi. Alimshika mke begani, akamketisha juu ya kreti na kuomba maji. Alipoona mke anapumua vizuri, ndipo akauliza.

"Msimamizi wa duka ni nani leo?"

"Mimi ndiye mwenye duka," Dereva alijibu.

"Sikuuliza mwenye duka, kaka yangu. Nimeuliza msimamizi."

Dereva alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sakafu.

"Ni mimi," mke alisema kwa sauti ndogo.

Mshauri alivuta kreti nyingine akaketi. "Tuanze na aiskrimu. Ikiyeyuka, vijidudu huzaana. Ukiigandisha tena, havifi. Vinalala tu. Mtoto akiila, vinaamkia tumboni mwake. Ndoo hizi zote zitamwagwa."

"Zote?"

"Zote. Sasa la pili. Mkataba wenu unasema duka lisifunguliwe bila msimamizi aliyehitimu mafunzo. Anaweza kuwa mwenye duka mwenyewe au mtu aliyemwajiri. Msimamizi akiugua, mnatujulisha mara moja, nasi tunawaletea mwingine wa muda. Hatufungi duka kwa sababu mtu anaumwa. Tunalifunga likiwa halina anayejua kazi. Kwa nini hamkutuambia?"

"Niliogopa," Dereva alisema.

"Mficha maradhi…"

"Mwisho wake naujua, dada yangu. Usiumalizie mbele ya mgonjwa."

Mke alicheka kidogo, kisha akalishika tumbo kwa maumivu. Dereva hakucheka.

"Leo mtafunga," mshauri aliendelea. "Kesho nitaleta msimamizi wa muda. Na wewe, kaka, uende mafunzoni."

"Mimi? Na mvi hizi, nikakae darasani na vijana? Tena nisomee duka langu mwenyewe?"

Mke aliinua uso. "Baba watoto, yule tajiri aliyenunua lori, akataka kuliendesha siku hiyohiyo bila kujifunza. Ulimfanyaje?"

Dereva alikohoa. "Nilimnyang'anya funguo."

"Si lilikuwa lori lake?"

Mke alimshika mumewe mkono.

"Sikatai kukusaidia. Lakini nikisikia simu, moyo unanidunda. Nikikosa kuisikia, unanidunda zaidi. Nataka kulala, mume wangu. Kulala tu."

Dereva alimvisha koti lake. "Nitakwenda," alisema, kisha akampeleka nyumbani polepole.

Mafunzo yalianzia darasani. Dereva alijifunza kupokea bidhaa na kupima baridi yake, kusafisha mashine, kupanga zamu na kumsikiliza mteja mwenye hasira. Alijifunza pia kwamba umeme ukikatika, friza haifunuliwi. Baadaye alipelekwa kufanya kazi katika duka jingine, chini ya macho ya mkufunzi. Huko alimfokea kijana mmoja aliyemwaga maziwa.

"Kaka," mkufunzi alimwambia, "huyo si gari bovu. Usimpigie honi. Mwonyeshe."

Jioni ile alirudi nyumbani akaketi kitandani, karibu na miguu ya mkewe.

"Kumbe haya yote ulikuwa unayabeba peke yako?"

"Ulidhani yanajibeba?"

"Nilidhani duka ni makreti." Alianza kumkanda miguu taratibu. "Nisamehe."

Siku ya mtihani alirudi akiimba tangu kona ya barabara, na mkewe hakuhitaji kuuliza matokeo. Walikubaliana pia kwamba dada wa kaunta aende awamu inayofuata, ili duka lisitegemee tena mtu mmoja. "Wenye maduka ya kampuni nyingine nao wasome mikataba yao," mshauri aliwaambia alipopita. "Masharti hayafanani. Waulize kabla ya kutia saini, si baada ya kuugua."

Daktari alipomruhusu mke kutembea, alianza na barabara ya mbele ya duka. Asubuhi moja aliona gari la maziwa limesimama mlangoni. Mumewe alikuwa ametumbukiza kipimajoto katika chombo kimoja cha maziwa.

"Mzee, ni joto dogo tu," mwenye gari alilalamika. "Tunafahamiana."

"Tunafahamiana, ndiyo maana nakuambia kwa upole. Haya siyapokei. Niletee mengine."

Dada wa kaunta alikuwa akihudumia wateja. Ndani palikuwa safi. Ng'ambo ya barabara, mke alikuwa tayari amenyanyua mguu kuvuka. Akasita. Aliwatazama tena, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Akaushusha mguu, akageuka, na kuendelea na matembezi yake upande wa jua.