Saa Tano Hadi Dubai

Ndege ya Phelister iliondoka Entebbe saa nane mchana. Mumewe, Oyet, alikuwa ameikariri safari yote: kilomita elfu tatu na mia saba hadi Dubai, saa tano na kidogo angani. Phelister alikwenda kununua mitandio ya duka, lakini alisafiri na tajiri wake, Mugisho, mwenye duka, na wivu ulikuwa umemkaba Oyet hata chakula hakipiti.

Saa tisa, akiwa peke yake nyumbani Namuwongo, binti yao Aciro yuko shule ya bweni, alisema kwa sauti, "Ningepata mke asiyeondoka, ningemchukua leo hii."

Jikoni kijiko kikagonga sufuria.

Phelister alikuwa pale, anakoroga mchuzi wa simsim. "Nimerudi, Baba Aciro," alisema bila kugeuka. "Sitaki tena safari."

Nyumba ilinuka udi uliolowa maji. Oyet alijua ndege imeshapaa. Hata hivyo alikaa, akala.

Saa moja na nusu simu ikalia. "Tumetua sasa hivi," ilisema sauti ya Phelister, katikati ya kelele za uwanja. "Umekula?"

Nyuma ya Oyet pumzi baridi ilimgusa shingo. "Huyo mwanamke ni nani?" aliuliza yule wa jikoni.

Kwa siku nne kile kitu hakikumwachia nafasi, kilinusa mashati yake, kilisikiliza simu zake, kilikwangua kwa ukucha uso wa Phelister katika picha ya harusi, na kila alipotaka kutoka alikikuta kimesimama mlangoni, kinatabasamu kwa midomo ya mkewe, na macho yake hayapepesi.

Siku ya tano alipitia dirishani, akatorokea Kisenyi kwa Mama Ruqaiya, mganga wa kutoa majini.

"Mama, hiyo kitu inavaa uso ya bibi yangu," alinong'ona.

"Ni wewe uliita. Mwambie mbele yake: sikutaki. Itatoka. Lakini sema na moyo. Ile ina wivu kushinda wewe, ukidanganya itajua."

Kesho yake jioni Oyet alisimama mbele ya kile kitu. "Si..."

Mlango ukagongwa. "Baba Aciro, fungua! Nimechoka. Nimekuletea shati, namba yako kabisa."

Kile kitu hakikumshika. Kilimsogelea tu sikioni, taratibu. "Saa tano kwenda, saa tano kurudi, bega kwa bega na Mugisho. Mimi nimeondoka lini?"

Oyet alifungua kinywa. Neno lilikuwa ulimini, neno moja tu. Akilini akamwona Mugisho amelala, kichwa chake begani kwa Phelister, juu ya mawingu.

"Baba Aciro?" aliita Phelister. "Uko na nani?"

"Umekosea nyumba, nnyabo," alijibu Oyet, kama anayemwita mwanamke asiyemjua, akasukuma komeo.

Nje, mifuko ilimponyoka Phelister. Nyuma ya mlango alisikia mwanamke akicheka, na kicheko kilikuwa chake mwenyewe.