Mwanamke Asiyetikisika

Kila mtu kwenye picha ile alikuwa amefifia, isipokuwa mwanamke mmoja.

Ngoné Samb aliipiga mwenyewe, jua likizama, wanawake wa ukoo wakicheza ngoma ya sabar uani kwao, mjini Rufisque. Kamera ilikuwa juu ya stendi, na aliliacha jicho la kamera wazi kwa karibu nusu sekunde ili mikono na marinda ya wachezaji yaburuzike kama moshi. Yeye hapendi kugandisha ngoma. Husema ngoma iliyogandishwa ni maiti. Lakini huyu mmoja alitoka wazi kabisa, hata uzi wa kilemba chake ulionekana, naye alisimama katikati ya mduara, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Shangazi, huyu nani?"

Shangazi Dior alitazama mara moja tu, akasukuma kamera. "Futa."

"Nimfute mgeni wetu?"

"Futa, nimesema! Usinitafutie balaa."

Hakufuta. Ngoné ana kichwa kigumu, na mimi nampendea hilo.

Ngoma iliyofuata aliipiga picha kwanza kwa kasi, jicho la kamera likifunguka na kufungika kwa kufumba na kufumbua. Mwanamke hakuwamo. Alipopunguza kasi, akatokea. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya Yacine, mdogo wake Ngoné, mchezaji anayegombewa na kila harusi ya mtaani. Mkono wake ulishika shavu la mguu wa Yacine.

Asubuhi Yacine alishindwa kuuinua mguu huo. Kufikia Ijumaa na wa pili ukawa mzito. Nyumba ikaanza kunuka maziwa yaliyochacha, na chini ya saruji ya ua ikasikika kucha ikikwaruza, ikinyamaza, ikikwaruza tena.

Ikabidi aitwe Mama Arame Ndoye, mganga wa majini. Alilaza sikio sakafuni, akainuka akiwa amekunja uso.

"Mitungi ya wazee iko wapi?"

Shangazi akaanza kulia. Alitaka ua upendeze kwa harusi ya bintiye, akamwaga saruji juu ya mitungi ambamo ukoo ulikuwa ukimpa jini wa nyumba maziwa yake tangu enzi za mababu.

"Umemfunika, halafu mnacheza juu ya kichwa chake!" Mama Arame alifoka.

Saruji ikavunjwa, maziwa yakamiminwa, mbuzi akachinjwa. Kucha ikanyamaza. Miguu ya Yacine haikurudi.

"Maziwa ameyapokea," Mama Arame alinong'ona. "Miguu anasema ni fidia. Binti akae chini maisha yake yote, ngoma isipigwe tena hapa, na wengine mtasalimika."

"Kwani mimi aliniuliza?" Yacine alisema kutoka mkekani. "Saruji nilimwaga mimi?"

Ngoné alikuwa akizitazama picha zake.

"Yacine, sikia. Huyu anatoka wazi kwa sababu hatikisiki, sisi ndio tunaopita. Sasa nikikufuata wewe na kamera, tukaenda sawa mimi na wewe, wewe ndiye utakayetoka wazi. Kila kilichosimama kitafutika, hata yeye na mkono wake."

"Dada, nitaanguka."

"Anguka huku unakwenda."

Wapiga ngoma waliitwa. Mama Arame alisema hataki lawama, lakini hakuondoka. Yacine akashika ukuta na kuanza kujiburuta, na Ngoné, kamera usoni bila stendi, akageuka naye taratibu, kiuno chake kikizunguka kwa mwendo uleule wa mdogo wake, na harufu ya maziwa ikapanda mpaka watu wakaziba pua, na kitu kikalia chini ya miguu yao, sauti ya mwanamke anayevutwa nywele, lakini ngoma hazikukoma na Ngoné hakusimama, alibonyeza, akageuka, akabonyeza tena, machozi yakimtiririka kwa hofu, huku akimfokea jini kwa sauti iliyopasuka, "Mwachie! Mwachie mdogo wangu!"

Yacine akaanguka. Kisha akainua goti.

Kwenye picha ya mwisho uso wa Yacine ulikuwa wazi, jasho puani na meno nje. Nyuma yake ukuta ulikuwa michirizi mitupu, na kati ya michirizi kulikuwa na uso uliovutwa kutoka upande hadi upande, na mkono uliokuwa umebanduka kwenye shavu la mguu.

Watu wakashangilia. Ngoné akarudisha kamera kwenye stendi, akapiga moja ya kuhakikisha, polepole kama mwanzo. Akaitazama.

Mwanamke alikuwepo bado, kando ya mitungi. Lakini safari hii naye alikuwa amefifia kama wengine wote, na mguu wake mmoja ulikuwa hewani.

"Amejifunza kutembea!" Shangazi alipiga kelele, akichungulia begani kwake. "Ngoné, umetuua!"

Yacine alisimama kwa miguu yake, akaichukua kamera, akaitazama picha. Akaifunga kanga yake vizuri kiunoni, akawageukia wapiga ngoma.

"Pigeni," alisema. "Kama anatembea, aingie mduarani. Akishindwa, tutamzomea kama tunavyomzomea mtu yeyote."