Mistari Ambayo Mashine Haisomi

Apa kwanza. Apa kwa maziwa ya mama yako kwamba hili halitavuka mlango huu, maana mimi mwenyewe niliapishwa, na kiapo nimekibana kifuani kutwa nzima mpaka kimeanza kuniwasha. Umeapa? Haya, sogea, na ukiulizwa umelisikia wapi, mimi hunijui.

Kulikuwa na ofisi moja ya waandishi wa programu, ghorofani, juu ya duka la vioo. Si waandishi wa vitabu hawa. Wao huandika maagizo, mstari kwa mstari, na kompyuta huyafuata kama bi harusi mgeni. Kazi iliyowapa jina ilikuwa programu ya vitanda vya joto vya hospitali, vile visanduku vya kioo wanamolazwa watoto njiti. Programu ndiyo iliyoamua kitanda kipi kiongezewe joto na kipi kipunguziwe. Muuguzi angeweza kusinzia, programu haisinzii.

Sasa watu hawa wana mchezo wao. Katikati ya maagizo huandika maneno ya kuelezana wao kwa wao, na mbele yake hutia alama ya kuiambia mashine, hapa ruka, hapakuhusu. Mashine inaruka. Na kwa kuwa mashine haisomi, hapo ndipo walipomwaga utani wao wote. "Aliyeandika hapa alikuwa na homa." "Ukiuelewa mstari huu, njoo unieleweshe na mimi niliyeuandika." "Mkuu akifika hapa, mimi nimeshaacha kazi."

Kulikuwa na kipande kimoja cha programu, ndicho moyo wa vitanda, ambacho hakuna aliyejua kwa nini kinafanya kazi. Kilikuwa kikikataa, kikikataa, halafu siku moja kikakubali. Jamaa mmoja waliyemwita Mcheshi, maana hata msibani alihitaji kushikwa mdomo, akaandika juu yake: "Hapa amelala jini. Ndiye anayefanya kazi, si sisi. Usipite bila kumwahidi kitu."

Wakacheka, na mzaha ukawa desturi. Kila aliyegusa kipande kile alimwachia jini ahadi. "Shikamoo jini, nakupa utamu wa chakula changu." Huyo alikuwa Mcheshi. "Jini, kazi ipite, nakupa usingizi wangu." Huyo mwingine. Na kazi ilipita kweli! Mwenye akili angejiuliza hapo, lakini mtu aliyefanikiwa haulizi.

Asubuhi moja dada mmoja wa ofisi ile, mwembamba hasa, wakimwita Sindano, alifungua kipande kile kusahihisha kitu. Chini ya mstari wa Mcheshi akakuta mstari mpya.

"Marahaba. Chumvi ilizidi kidogo."

Sindano akacheka. Akageuza kiti. "We kaka, umeanza kujijibu mwenyewe sasa? Tukuoze lini?"

Mcheshi akaja akainama kwenye skrini. Kompyuta ile huonyesha pembeni ya kila mstari jina la aliyeuandika. Pembeni ya mstari huu palikuwa peupe.

"Mimi nikitania natia jina, dada," akasema. Hakucheka, na Mcheshi asipocheka ni kama jogoo asiyewika. Akashusha sauti. "Nikwambie kitu? Tangu niandike ule upuuzi, chakula kinanipita mdomoni kama pamba. Mke wangu anadhani ninakula kwa mwanamke mwingine."

"Nenda hospitali."

"Nimekwenda. Ulimi mzima." Akamnong'oneza sikioni. "Na yule mwenzetu aliyetoa usingizi, unamwona macho yake?"

Ndipo Sindano akakumbuka mstari wake. Aliuandika zamani, alasiri ambayo Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akimhimiza, hospitali inangoja, kazi imegoma. Aliandika kwa hasira ya mtu aliyechoka: "Jini, ipitishe leo, nakupa mtoto wa kwanza atakayezaliwa kwetu." Wakati ule kwao hapakuwa na mwenye mimba wala dalili ya mimba. Mdogo wake alikuwa bado anadunda na marafiki.

Juzi mdogo wake alikuwa amejifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate, kalazwa kwenye kitanda cha joto.

Akauteremsha ukurasa mpaka kwenye mstari wake. Chini yake, pembeni peupe, palikuwa na neno moja.

"Nimemwona."

Simu ikalia. Ni mdogo wake. "Dada." Akavuta pumzi. "Dada, mtoto anapoa. Daktari anasema kitanda kizima, joto lipo, mkono wake ameutia mwenyewe ndani akautoa na jasho. Mtoto ndiye anapoa. Wamenipa nimweke kifuani, ni kama nimekumbatia samaki. Dada, nyinyi ndio mlioitengeneza hii mashine, fanya kitu!"

"Usikate," Sindano akasema. "Usikate simu, mdogo wangu."

Akaufuta mstari. Akangoja. Kule kwenye simu kukasikika vishindo vya wauguzi, kisha sauti ndogo, kama paka aliyefungiwa kabatini. Mtoto analia.

"Anapata joto! Dada, umefanya nini?"

Sindano alikuwa akilia yeye mwenyewe. Akaenda uani kunawa uso. Aliporudi alikuta chumba kizima kinanuka majivu yaliyomwagiwa maji, na kibodi yake, ambayo hakuna aliyeikaribia, ikifanya *ta, ta, ta*, polepole, kama mtu anayepasua chawa kwa kucha. Kwenye skrini mstari ulikuwa umerudi, neno kwa neno. Na pembeni yake palikuwa na jina. Jina lake mwenyewe, Sindano.

Simu ikalia tena.

Basi ikawa hivyo. Anafuta, mtoto anapata joto. Anageuka, mstari umerudi, mtoto anapoa, na kila mara akipoa anakaa kwenye ubaridi muda mrefu zaidi kabla ya kurudi, na daktari anasema mtoto wa ukubwa ule hawezi kuvumilia mchezo huu, na mama yake amekaa sakafuni karibu na kitanda hataki maji wala kiti, na Sindano amegandamana na kompyuta yake kama kupe, hali, hanywi, haendi uani tena, anafuta na kufuta, na akipepesa tu macho anaona jina lake limeandika tena kile ambacho vidole vyake vimetoka kukifuta, mpaka akaanza kuvitazama vidole vyenyewe na kujiuliza kama bado ni vyake.

Mkuu akaitwa. Alikuwa mtu nadhifu, wa maneno machache na marashi mengi. Akatazama skrini.

"Jina ni lako," akasema.

"Siandiki mimi, Mkuu! Nakuapia kwa uhai wa mtoto."

"Basi nani? Jini?" Akatabasamu, kisha akakunja uso. "Nisikilize, binti. Kipande hicho kinashika vitanda vyote vya hospitali. Vyote. Acha kukichokonoa. Nenda kapumzike nyumbani, umechoka. Ukiendelea, sitakuwa na la kufanya ila kukufungia mlango."

Alipotoka, Mcheshi akamsogelea Sindano. "Nina shangazi," akanong'ona.

"Kila mtu ana shangazi."

"Wangu anaongea nao."

Alasiri ya siku hiyohiyo shangazi akapanda ngazi, anahema, mkoba kwapani, miwani imefungwa kwa uzi. Ungemwona sokoni ungemwuliza bei ya vitunguu. Wakamsogezea kiti cha ofisi, akakisukuma kwa mguu, kikakimbia hadi ukutani.

"Sikalii kiti chenye magurudumu. Nina adui wa kutosha." Akakalia ndoo. Akavuta hewa puani, mara mbili. "Yupo. Na ameshiba huyu, amelishwa na wajinga wengi. Nisomeeni anachosema."

Mcheshi akamsomea. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Yale majibu yake, mmesema hayana jina?"

"Hayana, Shangazi."

"Na hii ahadi ya mtoto inayorudi, ina jina?"

"La kwangu," Sindano akasema. "Shangazi, nichukue mimi. Mwambie anichukue mimi, mtoto hajamkosea mtu."

"Tulia, mwanangu. Usiahidi tena, umekwisha kuahidi ya kutosha." Akavua miwani akaipangusa. "Jini hajiahidii. Angekuwa anaweza kujiandikia ahadi, nani kati yetu angebaki na mtoto? Anajibu tu, na anapokea kwa aliyetia jina. Kutoa ni kwa mtu. Wewe ulitoa kwa mzaha, ukafuta mwenyewe kwa machozi, na kwa mtoaji mwenyewe jini hukubali, ndiyo maana mtoto anapata joto. Anayetoa tena ni mwingine. Ana mikono, ana kucha, na huenda yumo ndani ya nyumba hii anatusikiliza."

Watu wakaanza kutazamana mikono.

Sindano akasimama. Lilimwingia akilini jambo ambalo lingemwingia tangu asubuhi kama si hofu. Kuandika kwa jina lake kulihitaji neno lake la siri. Hakuwahi kumwambia mtu. Lakini hakuwahi kulibadilisha tangu siku aliyoajiriwa, alipopewa. Akawauliza wenzake nani kati yao aliwahi kubadilisha. Wakatikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine. Watu wanaofunga hospitali kwa kufuli za ajabu, na milango yao wenyewe wameiacha na ufunguo uleule uliotoka nao dukani!

Akaandika neno jipya la siri, akalifunika kwa mkono hata Mcheshi asilione. Akawasha ile skrini kubwa ya ukutani ili kila mtu aone. Kisha akapaza sauti, "Nafuta kwa mara ya mwisho. Njooni wote. Na Mkuu pia aje, ashuhudie."

Wakaja. Mkuu alisimama karibu na mlango, mikono mifukoni. Sindano akapiga simu hospitali, akaiweka mezani ikiwa wazi.

"Yukoje?"

"Dada, midomo yake imekuwa ya buluu." Mdogo wake hakuwa analia tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio. "Daktari amenishika bega. Dada, kwa nini daktari amenishika bega?"

Sindano akafuta. Akasema kwa sauti, kama shangazi alivyomnong'oneza, "Sitoi. Sikutoa. Si wangu kumtoa."

Mstari ukatoweka ukutani. Wakasikia ile harufu ya majivu ikiingia, nzito, ikawapalia kooni, na kibodi zote za chumba kile, zote, ambazo hakuna kidole kilichozigusa, zikaanza *ta, ta, ta*, kwanza hapa, kisha kule, kisha pamoja kama mvua juu ya mabati, na taa zikafifia mchana kweupe, na yule mwenzao asiyelala akaanza kutetemeka meno, na kwenye simu mashine ya hospitali ikawa inalia mlio mmoja mrefu usiokatika, na Sindano akakaza macho ukutani hata machozi yakamkauka, akingoja, akiomba, *usirudi, usirudi, usirudi*.

Mstari ukarudi.

"Jini, ipitishe leo, nakupa mtoto wa kwanza atakayezaliwa kwetu."

Pembeni yake palikuwa na jina, na halikuwa la Sindano. Aliyekuwa akiandika kwa jina lake, mwenye orodha ya maneno ya siri waliyopewa wote, alikuwa ameuhifadhi mstari ule kwenye simu yake, kuurudisha ni kubonyeza mara moja gizani mwa mfuko. Hakuiona simu ikilikataa jina la Sindano, maana neno la siri lilikuwa jipya. Hakuiona ikirudia jina la mwenyewe.

Ukuta ulisema: *Mkuu*.

Vichwa vyote vikageuka mlangoni kwa pamoja.

"Toa mikono mifukoni, baba," shangazi akasema kwa upole kabisa.

"Nyinyi hamwelewi," Mkuu akasema. Marashi yake yalikuwa yamegeuka majivu. "Niliwahi kuufuta, zamani, nikijisemea ni upuuzi. Vitanda vyote vikazima. Vyote! Nikaurudisha mbio. Jini huyu hafanyi kazi asipolipwa, na mtoto huyu ni mmoja. Mmoja tu. Mngefanyaje nyinyi?"

"Ningetoa cha kwangu," Sindano akasema.

"Toa mikono," Mcheshi akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata wa kutia kwenye kijiko.

Mkuu akajaribu kuirudisha nyuma mikono ile, lakini mkono wa kulia ulitoka wenyewe, mbele ya wote, na simu imeng'ang'ania kiganjani kama imeotea hapo, na kidole gumba kinabonyeza, kinabonyeza, yeye mwenyewe akikivuta kwa mkono wa pili na kukililia, "Acha! Acha basi!", na ukutani mstari uleule ukijipanga mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na jina lake pembeni.

Kisha chini kabisa, pembeni peupe:

"Nimepokea. Kutoka kwako."

Mlio wa mashine kwenye simu ukakatika. Halafu kitoto kikalia, kilio cha hasira, cha mtu aliyeamshwa.

"Ana joto!" mdogo wake akapiga kelele. "Dada, mguse, njoo umguse, ana joto!"

Chumba kilikuwa na jua la alasiri, mashati yamewalowa jasho, na wote walikuwa wakimtazama Mkuu pale mlangoni, kidole kikiendelea kuandika, na pumzi ikimtoka mdomoni nyeupe kwa baridi, kama moshi.